Njia Isiyo na Magari

(Mazungumzo haya tumeyaandaa kwa ajili ya vikundi vya kusoma. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mwishoni yako maswali ya kujadiliana.)



 Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya baiskeli na njia yake.

Baiskeli sote tunaijua. Inapeleka mahindi mashineni, inaleta maji, inabeba mkaa, inampeleka mgonjwa zahanati na mtoto shuleni. Haili mafuta wala majani. Lakini baiskeli ina maadui wawili. Adui wa kwanza ni mlima. Adui wa pili ni gari. Mlima unamchosha mtu, naye akichoka atashuka asukume, basi. Gari halimchoshi. Gari linamuua. Wangapi kati yetu wamewahi kusikia lori linapiga honi nyuma yao, wakatumbukia mtaroni na mzigo wao?

Sasa hebu tujiulize. Je, iko njia ya baiskeli isiyo na mlima wala gari, njia ya changarawe tupu inayofuata mto bondeni kwa mamia ya kilomita? Iko. Iko Marekani, katika jimbo la Missouri. Wenyewe wanaiita Katy Trail, nasi tutaiita njia ya Katy. Urefu wake ni kilomita 386 hivi. Ni kama kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kurudi.

Hatuwaelezi habari hii ili mshangae mambo ya wenzetu. Tunawaeleza kwa sababu njia hiyo ilikuwa karibu kupotea, na namna ilivyookolewa ina somo kwa kila kijiji chenye njia.

MTO NA TRENI

Mto Missouri ndio mrefu kuliko mito yote ya Marekani. Urefu wake unapita kilomita 3,700. Katika jimbo la Missouri mto huo unapita kwenye bonde pana. Pembeni mwa bonde kuna magenge marefu ya mawe ya chokaa. Katikati kuna mashamba ya mahindi na soya, kwa sababu udongo wa mafuriko ni udongo mnene.

Wajenzi wa reli huko nyuma waliliona bonde hilo wakalipenda. Treni haipendi mlima. Njia ya treni kwa kawaida haipandi zaidi ya mita 2 katika kila mita 100. Kwa hiyo, mahali penye mto, wajenzi wa reli huufuata mto, maana maji yamekwisha kuwatafutia njia ya mteremko mdogo. Reli ikajengwa chini ya magenge, kando ya mto. Mahali paitwapo Rocheport genge lilisogea mno karibu na maji, ikabidi watoboe handaki mwaka 1893. Handaki hilo lipo mpaka leo, na baiskeli zinapita humo.

Kampuni yenye reli iliitwa Missouri-Kansas-Texas. Jina hilo ni refu. Watu wakachukua herufi K na T, wakazitamka haraka haraka, ikawa "Katy".

Vijiji vikaota kando ya reli kama uyoga. Mkulima alipeleka nafaka stesheni, akarudi na chumvi na misumari. Lakini baadaye barabara za lami zikajengwa na malori yakaongezeka. Mzigo ukahama kutoka kwenye reli kwenda barabarani. Mwezi wa Oktoba 1986 mto ulifurika ukaiharibu reli. Kampuni ikapiga hesabu, ikaona gharama ya kuitengeneza ni kubwa kuliko faida. Treni zikasimama katika sehemu hiyo.

KAMBA YA KISIMANI

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Treni ikisimama, njia yake huwaje? Mara nyingi hukatika. Jirani mmoja anasogeza ua wake hatua tatu. Mwingine anapanda mahindi juu ya tuta. Wa tatu anachukua kokoto za kujengea nyumba. Hakuna aliyechukua kubwa. Lakini baada ya miaka kumi njia haipo tena.

Fikirini kamba ya kisimani. Ukikata pima moja tu katikati, ndoo haifiki kwenye maji. Huwezi kusema, "Mbona nimechukua kidogo tu, kamba kubwa nimewaachieni?" Kamba iliyokatwa katikati si kamba tena. Ni vipande. Njia nayo iko vivyo hivyo. Shamba likigawanywa mara mbili utapata mashamba mawili madogo, na yote yatalimika. Njia ikikatwa mahali pamoja, imekufa yote.

Wamarekani waliliona jambo hilo. Reli nyingi zilikuwa zinafungwa, na ardhi zake zinatawanyika. Mwaka 1983 Bunge lao likapitisha sheria. Sheria hiyo inasema hivi kwa kifupi: kampuni ikitaka kuacha reli, serikali ya jimbo au chama cha watu wanaweza kuichukua njia yote ikiwa nzima bila kuikata, wakaitumia kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Siku treni ikihitajika tena, njia itakuwepo. Kwa maneno mengine, reli haihesabiwi kuwa imekufa. Inahesabiwa kuwa imelala.

Jimbo la Missouri likaitumia sheria hiyo kwa njia ya Katy. Lakini fedha zilitakiwa. Bwana mmoja aliyewahi kuongoza kampuni ya uwekezaji, Edward D. Jones, ambaye watu walimwita Ted, pamoja na mkewe Pat, walitoa dola 200,000 za kuipata njia hiyo na baadaye dola milioni 2 za kuijenga. Mwezi wa Aprili 1990 kipande cha kwanza kilifunguliwa Rocheport. Bwana Jones alikiona kikifunguliwa, akafariki Oktoba mwaka huo huo.

WENYE MASHAMBA WALISEMAJE?

Msidhani kila mtu alipiga makofi. Wakulima wengi wenye mashamba kando ya reli walikasirika, nasi hatutaki kuwafanya waonekane wabaya. Walikuwa na hoja.

Mahali pengi kampuni ya reli haikuwa imenunua ardhi yenyewe. Ilikuwa imepewa haki ya kupita tu. Wakulima wakasema: babu zetu walitoa ruhusa kwa treni. Treni imeondoka. Basi turudishieni ardhi yetu. Hatukuruhusu wageni wapite kwa baiskeli nyuma ya nyumba zetu. Tena walikuwa na hofu ya takataka, wizi na mifugo kusumbuliwa.

Mambo yakaenda mahakamani. Mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa ya Marekani, katika kesi iliyotoka jimbo la Vermont, iliamua kwamba sheria ile ya 1983 ni halali. Lakini ilisema pia kwamba mwenye ardhi anayeona amenyang'anywa haki yake anaweza kudai fidia kwa serikali. Mwaka 2000 mahakama inayosikiliza madai ya fedha dhidi ya serikali iliamua kwamba wenye ardhi wa njia ya Katy waliokwenda kushitaki kweli walichukuliwa haki yao, na kwamba wanastahili kulipwa.

Hapa tunapata mambo mawili ya kuyashika pamoja. La kwanza, njia ya wote ina faida kubwa, na inafaa ilindwe. La pili, faida ya wote haifuti haki ya mmoja. Anayetoa ardhi kwa ajili ya wengine asikilizwe mapema, na alipwe anachostahili. Huko Missouri walianza kujenga kwanza, fidia ikafuata miaka kumi baadaye. Sisi tunaona afadhali kuongea kwanza.

NJIA ILIJENGWAJE?

Wasomaji wengine watapenda kujua kazi yenyewe ilifanywaje.

Kwanza vyuma vya reli vilitolewa, pamoja na mataruma. Zikabaki kokoto kubwa juu ya tuta. Mtu hawezi kuendesha baiskeli juu ya kokoto kubwa; zinateleza na kuviringika chini ya tairi. Kwa hiyo zilisawazishwa, kisha juu yake yakamwagwa mawe ya chokaa yaliyosagwa madogo madogo, pamoja na vumbi lake. Vumbi hilo ndilo siri. Likilowa na kushindiliwa, linashikamana na vijiwe na kuwa sakafu ngumu. Ukiacha vijiwe vitupu bila vumbi, havishikani hata siku moja.

Pili, maji. Adui mkubwa wa njia ya changarawe si tairi, ni maji yaliyosimama. Tuta la reli lilikuwa na sifa nzuri: liko juu, lina mitaro pembeni na makalavati chini yake. Wao walichotakiwa ni kuyazibua na kuyatunza.

Tatu, madaraja ya reli yaliwekwa mbao juu na vizuizi pembeni ili mtu asianguke.

Nne, mahali njia inapokatana na barabara ya gari waliweka nguzo au mageti. Baiskeli inapita, gari halipiti. Magari ya kazi tu ndiyo yanayoruhusiwa. Kwa nguzo chache njia yote ikawa salama.

IMEWASAIDIA NINI?

Vijiji kadhaa vya bonde lile vilikuwa vimepoa baada ya treni kuondoka. Leo mpita njia akifika Rocheport, Hartsburg, Marthasville au Augusta, atakuta watu wanauza chakula, wanakodisha vyumba vya kulala na kutengeneza baiskeli. Augusta ni nchi ya zabibu, na waendesha baiskeli wengi hupumzika pale. Utafiti uliotolewa na hifadhi za jimbo hilo mwaka 2012 ulikadiria kwamba njia ya Katy hupata wageni karibu 400,000 kwa mwaka, na kwamba inauletea uchumi wa sehemu hiyo dola milioni 18.5 kila mwaka. Hizo ni fedha za chapati na chai, tunaweza kusema. Mtu wa baiskeli ana njaa, na anaenda polepole, kwa hiyo anasimama kijijini. Mtu wa gari anapita.

Lakini mto ni mto. Mwaka 1993 bonde lile lilipatwa na mafuriko makubwa sana. Sehemu kubwa ya njia iliharibika, miaka mitatu tu baada ya kipande cha kwanza kufunguliwa. Kijiji cha Rhineland kiliamua kuhama na kujenga upya kwenye mwinuko. Mwaka 2019 maji yalifurika tena, na vipande vya njia vikafungwa. Kila mara njia ilitengenezwa ikafunguliwa. Hapo changarawe ilionyesha uzuri wake. Lami ikipasuka inataka mitambo mikubwa na fedha nyingi. Changarawe ikichukuliwa na maji, unaleta nyingine, unasambaza na kushindilia.

KUENDESHA JUU YA CHANGARAWE

Kabla hatujarudi nyumbani, tuseme machache juu ya uendeshaji, maana wengi wetu tunaendesha kwenye changarawe kila siku.

Tairi pana ni bora kuliko jembamba. Usijaze upepo mpaka tairi liwe gumu kama jiwe; litadundadunda na kuteleza. Punguza kidogo. Lakini usipunguze mno, maana ringi itagonga jiwe na tyubu itatoboka.

Usishike usukani kwa kuukaba. Ushike kwa utulivu, uache gurudumu la mbele litafute njia yake kidogo. Ukiukaba, kila kijiwe kitakutikisa mpaka mabegani.

Breki ya mbele usiibane ghafla. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukiingia kwenye kona na mwendo mkali kisha ukabana breki, changarawe itakuangusha.

Mzigo ufunge chini na katikati ya keria, pande zote zilingane. Mzigo uliopanda juu unaivuta baiskeli pembeni.

Mvua kubwa ikinyesha, kama si lazima, ngoja njia ikauke. Gurudumu kwenye njia laini linachimba mfereji, mfereji unavuta maji, na maji yanachimba zaidi.

Tena chukua pampu, viraka na gundi yake. Kilomita kumi za kusukuma baiskeli yenye pancha ni ndefu kuliko kilomita hamsini za kuendesha.

NA KWETU JE?

Haya, turudi kwetu. Je, sisi tumewahi kuwa na reli iliyolala?

Tumewahi. Kule kusini mwa Tanzania ilijengwa reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Karanga zilishindikana. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vikang'olewa. Treni haikurudi.

Lakini tunao mfano mwingine. Treni ya abiria ya kwenda Moshi na Arusha ilisimama miaka mingi. Nyasi ziliota kati ya vyuma, na watu wengine wakadhani mambo yamekwisha. Mwisho wa mwaka 2019 treni ya abiria ilifika tena Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Ingekuwa njia ile imekatwa vipande na kugawanywa moja kwa moja, treni ingepita wapi? Kwa hiyo yale maneno ya Wamarekani, kwamba reli inaweza kulala bila kufa, hata sisi tumeyaona kwa macho. Tafadhali lakini: asitokee mtu akaendesha baiskeli kwenye reli yenye treni akisema gazeti limemruhusu. Hifadhi ya reli ina wenyewe, na treni haikwepi mtu.

Wengi wetu hatukai karibu na reli. Lakini sote tuna njia. Kuna njia ya kwenda mtoni, ya mifugo, ya watoto kwenda shule, na ile ya baiskeli inayopita bondeni kutoka kijiji hiki hadi kile bila kugusa barabara kuu. Njia hizo hazina lami wala kibao chenye jina. Kwa hiyo ni rahisi kuliwa. Msimu huu mtu anaongeza matuta mawili ya viazi. Msimu ujao mwingine anapanda migomba. Siku moja mtoto wa shule anakuta ua wa miiba mbele yake. Anageuka, anakwenda barabarani kwenye malori. Hapo ndipo tulipopoteza, na hakuna aliyepiga kura kukubali hasara hiyo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tufanye nini basi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya wote. Kijiji kinaweza pia kuandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi. Njia ikichorwa kwenye mpango huo na kupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, inakuwa na cheti chake cha kuzaliwa, tuseme. Ikiwa haikuchorwa, atakayekuja kesho atasema hakuona njia, aliona pori tu.

Yapo mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, njia inayopita kwenye shamba la mtu, mwenye shamba aitwe, asikilizwe, na makubaliano yaandikwe. Sisi tunaojua kusoma na kuandika ndio wenye kazi hiyo. Pili, njia ya kando ya mto isichimbwe ovyo, maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Ulizeni halmashauri kabla ya kushika jembe. Tatu, ongeeni na kijiji jirani. Mkilinda njia yenu mpaka mpakani, na wao wakailima kwao, mmelinda nusu ya kamba.

Watu wa bonde la Missouri walikuwa na sheria, mtu mwenye fedha, na mahakama. Hata hivyo kilichoiokoa njia ya Katy ni jambo dogo: ilishikwa mapema, ikiwa bado nzima. Sisi tunaweza kuanza hapo hapo, na kalamu na daftari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini wajenzi wa reli hupenda kufuata mto?
2. Eleza kwa maneno yako maana ya "reli imelala".
3. Wenye mashamba wa Missouri walikuwa na haki gani? Je, ninyi mngewajibu nini?
4. Kwa nini vumbi la mawe lisiondolewe kwenye changarawe?
5. Katika kijiji chenu, ni njia gani iliyokuwa pana mlipokuwa watoto na sasa imekuwa nyembamba au imepotea? Nani ametengwa na njia hiyo?
6. Chagueni watu wawili waitembee njia moja yenu yote mpaka mpaka wa kijiji. Waandike mahali ilipokatwa, na daftari hilo lisomwe kwenye mkutano wa kijiji.